Nendeni Songea! Kumbukizi ya Majimaji kwa macho ya mgeni

Mwenye haraka nimwambie mapema: kama kuna siku moja ya makumbusho Tanzania inayostahili kuwekewa akiba ya nauli, ni Februari 27, mjini Songea. Siku hiyo ndiyo kilele cha kumbukizi ya mashujaa wa Vita vya Majimaji, waliopigana na wakoloni wa Kijerumani kuanzia mwaka 1905, na uwanja wake ni Makumbusho ya Taifa ya Majimaji. Ndiyo kwanza nimeiona kwa macho yangu. Viatu vina tope la Ruvuma, sauti imekauka, na kila ninayekutana naye namsimulia hata kama hakuniuliza. Sasa zamu yako.

Makumbusho mengi ya vita yana mpangilio uleule. Unaingia, unaona kabati la vioo, unasoma kadi yenye tarehe, unatikisa kichwa, unatoka. Shughuli za umma huja baadaye, nyongeza ya kuvuta watu siku ambazo hakuna watalii. Songea ni kinyume chake kabisa. Vitu vilivyomo ndani vina thamani yake, mikuki, ngao, picha za zamani, lakini moyo wa makumbusho haya uko nje, chini ya anga, pale koo zinapokutana kuwakumbuka waliokufa ambao wanawajua kwa majina. Ukienda siku ya kawaida utajifunza historia. Ukienda Februari utaikuta historia imekaa kwenye kiti cha plastiki, imevaa suti, inamsubiri mwenzake wa ukoo aliyechelewa kushuka kwenye basi la Mbinga.

Hilo ndilo lililonipagawisha, na ndilo nitakalolirudia mpaka mnichoke: hapa kumbukizi ndiyo maonyesho yenyewe.

Uwanja wenye makaburi

Tuanze na ardhi. Februari 27, 1906, Wajerumani waliwanyonga hapa Songea viongozi na wapiganaji wa Kingoni kwa makumi, akiwemo Nkosi Mputa Gama, mtawala wa Njelu. Kabla ya kamba, mmisionari Mbenedikti aliwabatiza baadhi yao. Miili ikafukiwa katika kaburi moja la halaiki, na kaburi hilo ndilo unalosimama mbele yake leo. Hukusafirishiwa kitu kutoka pahala pengine ukawekewa ndani ya ukumbi. Makumbusho yamejengwa kulifuata kaburi.

Karibu yake kuna kaburi la Nduna Songea Mbano, jemadari ambaye mji mzima umebeba jina lake. Yeye alinyongwa siku chache baada ya wenzake. Wasimulizi wa hapa wanasema Wajerumani walikuwa tayari kumwacha hai, naye akakataa kubaki nyuma ya watu wake. Wanasema pia, na ukoo wake umelishikilia hilo kwa vizazi, kwamba kaburi lile halina kichwa, kwamba kichwa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Ukisikia maneno hayo darasani unaandika kwenye daftari. Ukiyasikia ukiwa umesimama hapo, huku wajukuu na vitukuu wake wanapita na mashada, unakosa pa kuweka mikono.

Na sanamu! Majemadari wamepangwa uwanjani, kila mmoja na uso wake. Nikawaona watoto wa shule wakiwazunguka, wanasoma majina kwa sauti, wanabishana nani alikuwa mkubwa kuliko nani. Hakuna mwalimu aliyewaamuru. Mtoto mmoja alipokuta jina la ukoo wake alipiga kelele utadhani timu yake imefunga bao.

Ratiba: usikose hata asubuhi moja

Msije mkadhani ni shughuli ya saa mbili. Kumbukizi huchukua siku kadhaa na kupanda ngazi hadi kilele cha tarehe 27. Kuna mijadala ya historia, kuna maonyesho ya bidhaa na vyakula vya mkoa, kuna ziara za kwenda sehemu za kihistoria, kuna ngoma usiku na mchana. Halafu siku yenyewe inafika, na hali ya hewa ya mji mzima inabadilika.

Asubuhi ya kilele ina nidhamu. Gwaride. Sala za viongozi wa dini. Mashada ya maua. Kisha kinafuata kile kilichonisisimua kuliko vyote: silaha za jadi zinawekwa kwenye mnara kwa heshima, mkuki, ngao, upinde na mshale. Fikiria maana yake. Mwaka 1905 mikuki hiyo ilikabili bunduki za rashasha. Agosti 30 mwaka huo, kwenye boma la Mahenge, maelfu ya wapiganaji walisonga mbele wazi wazi dhidi ya rashasha na wakaangushwa safu kwa safu. Aina ileile ya mkuki iliyoshindwa pale, hapa inapokewa na watu waliosimama wima kwa utulivu. Mzee aliyekuwa jirani yangu alivua kofia na hakuirudisha kichwani mpaka shughuli ikaisha.

Halafu, jamani, ngoma! Lizombe ikianza huwezi kubaki kwenye kiti. Ndiyo ngoma ya Wangoni, ndiyo iliyowapa mashabiki wa timu ya Majimaji jina la Wanalizombe, na ukiisikia kwa karibu, miguu ikitwanga ardhi yenye unyevu, utaelewa kwa nini timu ya mpira ilitamani kujiita hivyo. Kutoka upande wa Ziwa Nyasa wanakuja wanawake wa kioda, safu zimenyooka, sare moja, hatua ndogondogo zenye madaha. Na wanaume wa mganda, vibuyu vinalia, filimbi inatoa amri, mistari inageuka kwa pamoja.

Mganda ndio ulionifanya niache kupiga picha. Ngoma hii ilikua kwa kuiga gwaride na bendi za majeshi ya wakoloni. Watu walilitazama jeshi lililowatawala, wakachukua mistari yake, amri zake na majivuno yake, wakavigeuza kuwa burudani yao. Leo burudani hiyo inachezwa katika mji ambao jeshi la kikoloni liliwanyonga babu zao. Nani angepanga kejeli tamu namna hiyo? Hakuna bango lililoandikwa kulieleza jambo hilo na wala halihitajiki. Tazama tu miguu.

Pandeni Chandamali

Ukiwa na nusu siku ya ziada, usiibakize hotelini. Nenda mlima Chandamali, kwenye mapango ambayo simulizi za hapa zinasema Nduna Songea alijificha na kupangia mambo yake. Njia ni ya kupumua, kijani kila upande, na ukifika juu mji umetandazwa chini yako. Hapo ndipo ramani ya vita inapoanza kueleweka. Unaona mabonde, unaona vilima, unaona jinsi ambavyo mtu anayeijua nchi angeweza kumsumbua mgeni mwenye bunduki kwa miezi.

Na walimsumbua. Maji, ile dawa iliyoaminiwa kuzuia risasi, yalifika Ungoni, nchi ya Wangoni, mwaka 1905 kwa mikono ya mjumbe aitwaye Omari Kinjala, akapokewa na Nkomanile, mwanamke aliyekuwa nduna. Baada ya mapigano makubwa ya Oktoba kuwaendea vibaya, wapiganaji waliacha kukusanyika kwa wingi wakahamia vita vya kuvizia. Nkosi Chabruma wa Mshope hakukamatwa: alivuka kuingia Msumbiji na kufia huko. Ukiwa juu ya Chandamali, ukitazama kusini, unaelewa kwamba mpaka haukuwa mbali kwa mtu mwenye miguu na sababu.

Mwongozaji wetu, dada mmoja mwenye ulimi wa dhahabu, aliyasimulia yote hayo bila karatasi. Alipofika kwa Nkomanile, aliyenyongwa na Wajerumani pamoja na wanaume, alitulia kidogo akawaambia wasichana waliokuwa mbele: "Huyu hakupika chai ya wapiganaji. Huyu aliwaita." Wasichana walicheka, kisha wakanyamaza, kisha wakaanza kuuliza maswali. Kama makumbusho yanapima mafanikio kwa kitu chochote, kipimo kiwe hicho.

Mjadala wenye moto

Kwenye mijadala nilitegemea kusinzia. Thubutu! Hakuna swali linalowasha ukumbi wa Songea kama hili: maji yalikuwa nini hasa? Kwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, huko Rufiji, ilikuwa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. Mwaka 1904 watu walianza kumiminika kwake. Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, wananchi waling'oa pamba ya serikali, na vita vikawaka. Agosti 4, Kinjikitile akanyongwa Mohoro. Lakini moto ulishashika, kwa sababu kuni zilikuwepo tayari: kodi ya kibanda tangu 1898, na mashamba ya pamba ya kulazimishwa yaliyoanzishwa chini ya Gavana Götzen mwaka 1902, ambayo malipo yake yalikuwa aibu tupu.

Wengine ukumbini wanasema maji yaliwadanganya watu wakafa. Wengine wanasema bila maji, Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wangoni na wengine, ambao baadhi yao walikuwa wakiogopana, wasingesimama upande mmoja. Mzee mmoja alisema dawa ilishindwa kuzuia risasi lakini ikafaulu kuondoa woga. Kijana wa chuo akamjibu kwamba woga nao huwa una kazi yake. Ukumbi ukalipuka kwa makofi ya pande zote mbili!

Na huo mjadala una mizizi mirefu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitawanyika vijijini kusini, wakiongozwa na wanahistoria Gilbert Gwassa na John Iliffe, kuwahoji wazee waliokuwa bado wanakumbuka. Wakati huohuo Ebrahim Hussein aliandika tamthilia yake *Kinjeketile*, iliyotoka 1969 na ambayo vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vimeisoma. Ombi langu kwa waandaaji: ichezeni pale uwanjani, usiku, mbele ya zile sanamu. Nitalipa kiingilio mara mbili.

Siku ambayo Ujerumani ilikuja

Huwezi kuizungumzia Songea ya sasa bila Novemba 1, 2023. Siku hiyo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika kwenye makumbusho haya, akakutana na kizazi cha Songea Mbano, na akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu wa watu hawa. Aliahidi kwamba nchi yake itashirikiana katika kutafuta majibu, ikiwemo habari za kichwa cha nduna.

Watu wa Songea hawakubaliani wote juu ya uzito wa siku ile. Wapo wanaosema wamesikia walichokisubiri maisha yao yote. Wapo wanaosema msamaha bila kichwa na bila fidia ni nusu ya sentensi. Kumbukizi inawapa nafasi wote, na hilo nalo nalipigia saluti. Matumaini si ya bure: Septemba 2023 watafiti mjini Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeunganisha mafuvu yaliyohifadhiwa huko na familia zilizo hai za Wachaga. Ikiwezekana Kilimanjaro, kwa nini isiwezekane Ruvuma? Ndivyo wanavyouliza hapa, na hawaulizi kwa unyonge.

Ningeongeza nini?

Nimelewa sifa, lakini bado naona. Nina mambo mawili ninayotamani yapewe nafasi kubwa zaidi kwenye ratiba.

La kwanza ni njaa. Waliouawa na kamba wana kaburi, wana majina, wana siku. Lakini vita hivi viliua zaidi kwa tumbo tupu kuliko kwa risasi. Maofisa wa Kijerumani waliamua kwa makusudi kuchoma mashamba na maghala ili njaa iwamalize waliobaki porini. Serikali ya kikoloni ilikadiria vifo 75,000, naye Gwassa akahesabu kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto ambao hakuna aliyeandika majina yao, na baadhi ya maeneo yao yalirudi kuwa pori. Siku moja ya kumbukizi iwe yao. Watu wapike chakula kidogo, wakae chini, wasimuliane kilichosemwa na bibi zao kuhusu miaka ile. Bibi hao waliacha simulizi, na simulizi hizo zinahitaji kurekodiwa, kwa Kingoni, kwa Kimatengo, kwa Kindendeule, kabla hazijaondoka na wenyewe.

La pili ni askari. Maofisa wa Kijerumani walikuwa wachache mno. Waliobeba bunduki nyingi upande wao walikuwa Waafrika: Wasudani, Wanyamwezi, Wamanyema na wengine. Nao wana wajukuu, na baadhi ya wajukuu hao ni Watanzania wanaolipa kodi kama sisi. Kuwaleta kwenye meza moja kunahitaji ujasiri, lakini hadhira niliyoiona ukumbini ina kifua cha kulibeba hilo. Watu walioweza kumkaribisha rais wa Ujerumani kwenye kaburi la babu yao hawatashindwa kumkaribisha Mtanzania mwenzao.

Kabla hujakata tiketi

Songea iko mbali, na ndiyo maana wengi hawajaiona. Kutoka Dar es Salaam kwa basi kupitia Iringa, Makambako na Njombe ni karibu kilomita elfu moja. Ukiwa na gari lako, au ukipenda kubadilisha mabasi, mimi nakushauri upite kusini: Kibiti, Nangurukuru, Lindi, Masasi, Tunduru. Lami ipo, na barabara hiyo inakatiza nchi ileile iliyowaka mwaka 1905, kuanzia Rufiji ya Kinjikitile hadi Ungoni. Utafika makumbusho ukiwa umeshatembea nusu ya maonyesho. Ndege pia zipo kwa mwenye mfuko.

Februari ni mvua. Beba mwavuli na viatu vya kupigana na tope, na sweta kwa jioni, maana Songea iko juu na baridi yake si ya mchezo. Weka nafasi ya kulala mapema, kwa sababu koo zinarudi nyumbani kwa wingi. Kula samaki wa Nyasa, waulizie mbasa. Makaburini omba ruhusa kabla ya kutoa simu, na wazee wasalimie kwa "shikamoo" hata kama una haraka, hasa kama una haraka. Ukiwa na watoto, waje: hakuna kiasi cha vitabu vya darasa la sita kitakachowafanyia kilichofanywa na asubuhi moja hapa.

Hukumu yangu? Kama makumbusho ya siku ya kawaida, Majimaji ni mahali pazuri pa saa mbili na maswali mengi. Kama kumbukizi ya Februari, sijaona mfano wake: ni mazishi, ni sherehe, ni bunge la koo na ni darasa la historia, vyote katika kiwanja kimoja, na mgeni asiye na ndugu hata mmoja Ruvuma anapewa kiti, togwa na hadithi. Ratiba ya mwaka ujao nimeshaiuliza, likizo nimeshaiombea, na ndugu zangu watatu wameshaambiwa waanze kuweka akiba. Nawe anza leo.